Mfadhili Anapokuja Nyumbani kwa Mtoto: Mwongozo Kamili kwa Vituo vya Nyanda za Juu Kusini

Taarifa ikifika kwamba mfadhili wa mtoto fulani anakuja kutoka Marekani, Korea Kusini au Ujerumani, kituo kizima huingia kwenye pilikapilika. Kwaya inaanza mazoezi, ukuta wa mbele unapakwa chokaa, kamati inagawana kazi. Mama mwenye nyumba itakayotembelewa mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa. Mwongozo huu unampa nafasi ya kwanza. Umeandikwa kwa wakurugenzi wa vituo vya huduma ya mtoto na kijana, wachungaji, kamati za kanisa, walimu na wakalimani wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Mgeni hukaa saa chache, halafu anapanda ndege kurudi kwao. Familia inabaki palepale, na majirani walewale na bomba lilelile la maji. Mpango wowote unaosahau hilo utaiumiza, hata kama picha zitatoka nzuri.

Kwanza tuweke sawa jinsi mfumo wa ufadhili unavyofanya kazi, kwa sababu hata wazee wa kanisa huuchanganya. Mashirika mawili ya Kikristo ndiyo mfano: World Vision lilianza mwaka 1950 na Compassion mwaka 1952, yote yakihusiana na yatima wa vita ya Korea, na yote yakaukuza utaratibu wa kumuunganisha mtoto mmoja na mfadhili mmoja. Compassion hufanya kazi kupitia kanisa la mahali husika, na mtoto huhudhuria kituoni. World Vision huelekeza fedha kwenye mradi wa eneo zima: maji, shule, kilimo. Katika mifumo yote miwili, fedha ya kila mwezi haiingii mfukoni mwa mzazi. Jirani asiyejua hilo atadhani mama amekuwa akipokea dola miaka yote na kuzificha, na siku atakapoona gari la wageni mlangoni, dhana hiyo itageuka chuki. Lisemeni wazi kwenye mkutano wa wazazi, zaidi ya mara moja, muda mrefu kabla ya mgeni yeyote.

Maombi yapitie mlango mmoja

Ziara halali huanzia kwenye shirika la mfadhili, huko kwao. Shirika linakagua kumbukumbu zake za jinai, linamsainisha kanuni za ulinzi wa mtoto, ndipo ofisi ya kitaifa inawasiliana na kituo. Ombeni mpewe taarifa angalau wiki nane kabla. Chini ya hapo, kazi ya kuandaa familia haitafanyika ipasavyo, na kituo kina haki ya kupendekeza tarehe nyingine.

Tatizo la siku hizi ni mgeni anayetokea mwenyewe. Amempata dada wa mtoto Facebook, wamechati miezi kadhaa, sasa amepanda basi hadi Mbeya, ameshuka Nanenane, amekodi bajaji na yuko getini na picha ya mtoto mkononi. Mkaribisheni ofisini, mpeni kiti na chai. Msimwite mtoto. Msithibitishe jina la shule wala mtaa anaoishi. Pigeni simu ofisi ya kitaifa mbele yake, awasikie mkiongea. Kuwa na picha na barua hakumthibitishi, kwa sababu vitu hivyo hupotea na kuibwa kama kitu kingine chochote. Mtu mwenye nia njema ataumia kidogo, kisha ataelewa kwamba utaratibu uliomzuia ndio unaomlinda mtoto wake. Anayelazimisha, anayetaja kiasi cha fedha alichokwisha kutoa, au anayetoa noti ili mtoto aitwe, asionane na mtoto siku hiyo hata kwa dakika tano.

Jambo la viza limalizwe mapema. Mgeni wa kawaida huingia kwa viza ya dola 50. Raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Viza ya matembezi ni ya kutembelea. Kama mfadhili ni daktari na anataka kutibu watu siku mbili, au ni mwalimu na anataka kufundisha, ulizeni Uhamiaji kwanza ni kibali gani kinahitajika. Mwambieni pia asipakie zawadi kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa: imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Familia iulizwe, na iweze kukataa

Mfanyakazi anayeijua nyumba hiyo ndiye aende, peke yake au na mwenzake mmoja. Asiende mchungaji. Mchungaji akiuliza, mama wa Isyesye au wa Kilolo atajibu "Ndiyo, baba mchungaji" kabla swali halijaisha. Maneno yawe mepesi, yasemwe yote bila kurukwa:

"Mama, mfadhili wa mwanao ameomba kuja kuwasalimu. Mnaweza kukubali. Mnaweza kukataa. Mnaweza pia kusema tukutane kituoni. Lolote mtakaloamua, huduma ya mtoto inaendelea vilevile."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Wazazi wengi wanaamini kwamba wakikataa, ufadhili utakatwa. Irudieni mnapoaga. Kisha msichukue jibu siku hiyo: rudini baada ya siku tatu au nne, ili baba, bibi au baba mdogo mwenye kauli nyumbani awe amesikia na kusema lake.

Mtoto naye aulizwe, pembeni, na mtu anayemzoea. Wa miaka sita atauliza kama mzungu atamchukua aende naye. Mjibuni wazi kwamba hapana, anakuja kusalimia na ataondoka jioni. Kijana wa miaka kumi na tano anaweza kuona aibu wenzake wa shule kujua kwamba anafadhiliwa. Aibu hiyo ina sababu, iheshimuni. Mahali pa kukutania pawe kituoni Jumamosi, saa ambazo wenzake hawapo.

Yapo mazingira ambayo kituo chenyewe kinapaswa kuamua kwamba nyumbani hakuendeki: kuna msiba au mgonjwa mahututi, kuna ugomvi wa shamba na ndugu, baba ana historia ya kupiga watu, au nyumba inapika pombe na wateja huingia na kutoka mchana kutwa. Msimweleze mfadhili sababu. Inatosha kumwambia familia itampokea kituoni.

Mkishakubaliana, jazeni fomu ya ridhaa inayotaja mambo matatu kwa kutenganisha: ziara, picha, na matumizi ya picha. Mzazi anaweza kukubali la kwanza na kukataa la tatu. Asiyesoma asomewe fomu mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe.

Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji apewe taarifa siku chache kabla, kwa mdomo na kwa barua fupi. Vijijini mwambieni na balozi wa nyumba kumi. Mwenyekiti akitokea kujua kwa kuona gari, atakuja na kitabu cha wageni katikati ya mazungumzo, na ana haki hiyo. Mwombeni pia asitangaze. Mwenyekiti anayetangaza "ugeni kutoka nje" huleta foleni ya watu wenye shida za kweli, ambazo mgeni huyu hawezi kuzitatua.

Kuchagua siku

Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za ukanda huu huharibu ratiba. Barabara za udongo za Umalila, Busokelo, Makete na Mufindi zinaweza kupitika asubuhi na zisipitike saa nane mchana. Juni na Julai njia ni kavu, ila Njombe na Makete kuna baridi kali na asubuhi nyingine umande huganda; mgeni aliyefikiri Afrika yote ni joto aje na sweta. Mei hadi Julai pia ni mavuno, kwa hiyo siku moja ya ziara ni siku moja ya shamba iliyopotea, na familia ndiyo iseme siku ipi inawafaa. Epukeni Septemba kwa mtoto wa darasa la saba, na Novemba kwa wa kidato cha nne.

Ziara isiwekwe siku ambayo mgeni anawasili. Ndege ya kwenda Songwe inaweza kuchelewa au kuahirishwa, na basi kutoka Dar es Salaam ni safari ya mchana mzima au usiku mzima. Mtoto aliyevaa nguo zake nzuri tangu saa moja asubuhi akangoja hadi giza hasahau.

Faili la barua

Hapa ndipo vituo vingi vinaaibika, na ni kazi ya mchana mmoja tu. Wiki mbili kabla, chukueni faili la mtoto msome barua za miaka mitatu, za kwenda na za kuja. Andikeni kwenye karatasi moja: mfadhili ametaja watu gani wa kwake, ameuliza nini, mtoto ameahidi au kusimulia nini. Halafu kaeni na mtoto mpitie pamoja.

Mfadhili anazikumbuka barua hizo kuliko mnavyodhani. Atauliza sungura wanaendeleaje, kumbe sungura walikufa mwaka juzi na hakuna aliyeandika. Atauliza habari za rafiki aliyetajwa mara nne, na mtoto atamtazama mwalimu, kwa sababu jina hilo liliandikwa na mwalimu aliyekuwa akimalizia barua arobaini kabla ya saa kumi. Kama barua zilikuwa za kunakili ubaoni, siku ya ziara itaonekana. Dawa yake ni ya muda mrefu: mtoto aandike au achore mwenyewe, hata mistari mitatu, na mwalimu aandike kwa niaba pale tu mtoto hajui kuandika, tena kwa maneno ya mtoto.

Nyumbani nako angalieni. Nyumba nyingi zina mahali pa barua: mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na cheti cha kliniki na hati ya shamba. Mgeni akiuona mfuko huo ukifunguliwa, ataelewa bila kuhutubiwa kwamba karatasi zake zimethaminiwa. Muulizeni mama kama angependa kuuonyesha, na akikataa msimshawishi.

Watu wangapi, saa ngapi

Sebule ya nyumba ya tofali za kuchoma inachukua watu wanane wakibanana. Kwa hiyo wageni wasizidi watano: mfadhili, mwenzi wake mmoja, mkalimani, mfanyakazi anayeijua familia, na mmoja wa kituo. Mchungaji, mwenyekiti wa kamati na mpiga picha wa kanisa wabaki kituoni. Gari moja, liegeshwe mbali kidogo na nyumba, mtembee mita mia mbili zilizobaki.

Ratiba inayofanya kazi ni hii. Saa 3:30 asubuhi mfadhili anafika kituoni peke yake. Dakika arobaini za kanuni, karatasi ya barua, na kufungua mizigo ya zawadi. Saa 4:15 mtoto na mzazi wanafika. Wakutane hapa kwanza, kwenye uwanja ambao mtoto anaujua, na wacheze: mpira, rede, kuruka kamba, kuchora. Mtoto anayekutana na mgeni kwa mara ya kwanza sebuleni, majirani wakichungulia dirishani, huganda na kubaki hivyo. Saa 5:15 mnaelekea nyumbani, mama akiwa ametangulia. Mkae hadi saa 7:00, mrudi kituoni, waagane hapo. Saa 9:00 mgeni awe ameondoka. Kuagana kusivutwe, kumbatio moja, sala fupi, gari linawashwa. Mgeni anayerudi mara tatu kulia mbele ya mtoto anamwachia mtoto mzigo wa kumbembeleza mtu mzima.

Chakula

Msimkataze mama kupika. Kwa Mnyakyusa, Mhehe au Mbena, mgeni kutoka bila kutia kitu mdomoni ni fedheha ya nyumba. Ila msimwache akope. Mama akiachiwa mwenyewe atauza debe la mahindi anunue soda za kreti nzima. Kaeni naye mkubaliane orodha, na kituo kigharamie kutoka bajeti ya ziara. Kwa watu kumi, mlo wa kutosha ni mchele kilo 2, kuku mmoja wa kienyeji au maharage kilo 1, na mboga za majani. Kama ni chai tu, weka maji lita 3, maziwa lita 1, sukari nusu kilo, viazi mviringo au ndizi za kuchemsha kilo 3, na karanga. Vyombo vikipungua, azimeni kituoni badala ya kwa jirani.

Mgeni afundishwe mapema: atanawishwa kwa jagi na beseni, apokee kwa mikono miwili, ale kidogo ashukuru. Maji ya kunywa aje na chupa yake. Chai iliyochemka ni salama. Ulanzi wa Iringa (pombe ya mianzi), akipewa, aukatae kwa upole. Akisema "sili, nimeshiba" huku sahani haijaguswa, mkalimani hana maneno ya kulitibu hilo.

Mkalimani

Chagueni mtu kwa utulivu wake kabla ya Kiingereza chake. Akae nyuma kidogo, kati ya wawili hao, ili watazamane wao. Atafsiri kwa nafsi ya kwanza, sentensi fupi fupi, asijumlishe. Bibi akiongea dakika mbili na mkalimani akatoa maneno manne, mgeni anajua kwamba kuna kitu kimezuiwa.

Nyumba nyingi za huku zina lugha tatu. Bibi anaongea Kisafwa au Kinyiha, mama Kiswahili, mgeni lugha yake. Mtoto asifanywe mkalimani wa bibi yake. Atalazimika kutamka mambo ya marehemu mama yake mbele ya mgeni, kwa mdomo wake mwenyewe. Tafuteni mtu mzima wa kanisani anayejua lugha hiyo. Na mgeni afundishwe salamu moja ya mahali: "Kamwene" akiwa Iringa au Njombe, "Ndaga fijo" ya kushukuru akiwa Rungwe au Kyela, na "Shikamoo" kwa bibi popote. Salamu hiyo itafungua nyumba kuliko zawadi.

Mweleze pia atakayoyaona. Mtoto akiangalia chini anapoongea na mkubwa, ni heshima, hajaogopa. Mama akipiga magoti au kukunja goti kusalimia, mgeni asiruke kumwinua. Aitikie, na naye ainame. Mgeni atapewa kiti chenye kitambaa cha kufuma na mama atakaa mkekani. Akitaka kukaa mkekani naye, sawa, ila akae kwanza kwenye kiti alichopewa.

Kuna maswali ya kumwomba mgeni ayaache: baba yuko wapi, mnakula mara ngapi kwa siku, mama alikufa kwa ugonjwa gani, una VVU? Mpeni mengine: mtoto alikuwaje alipokuwa mdogo, anasaidia kazi gani, nani alimfundisha kupika, unaomba nini kwa ajili yake. Mama naye ana maswali, na watu husahau kumpa nafasi. Mwambieni aandae mawili. Mara nyingi atauliza kama mgeni ana watoto, na kwa nini aliona picha ya huyu akamchagua. Hapo ndipo ziara inapoanza kuwa ya pande mbili.

Sala

Huduma hii ni ya Kikristo na haijifichi. Hata hivyo vituo hupokea watoto wa familia za dini yoyote. Mkiwa kwenye nyumba ya Waislamu, ombeni ruhusa, na mkikatazwa mtaomba mkiwa garini. Kwenye nyumba ya Wakristo, mwenye nyumba aombe kwanza, kwa lugha yake, na mkalimani amwambie mgeni maneno yake kwa sauti ya chini. Mara nyingi mfadhili amezoea kujiona yeye ndiye anayewaombea maskini. Kusikia mama wa Uyole akimtaja kwa jina na kumwombea mkewe mgonjwa, ambaye mama alisoma habari zake kwenye barua, kunamweka mahali pake kama ndugu katika imani. Kama mgeni atabaki hadi Jumapili, asalimie kanisa kwa dakika tatu. Mtoto asiitwe mbele kutoa ushuhuda wa umaskini wake.

Picha

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa zinazomhusu mtoto ni taarifa nyeti. Kanuni za siku ya ziara ziwe hizi: simu ikae mfukoni nusu saa ya kwanza nyumbani; picha zipigwe kwa muda uliopangwa, mtoto akiwa amevaa alivyotaka; hakuna picha ya chumba cha kulala, ya kitanda, ya sufuria tupu, wala ya watoto wa jirani. Hakuna kurusha moja kwa moja mtandaoni. Akiweka picha baadaye, jina kamili la mtoto, shule na mtaa visikae pamoja nayo, na alama ya mahali kwenye simu izimwe. Na deni moja: picha mbili zichapishwe na ziletwe kwa familia. Mwombeni azitume kabla hajapanda ndege, mkazichapishe Mwanjelwa au Kabwe wiki hiyohiyo, kwa sababu akishafika kwao atasahau.

Zawadi

Mizigo yote ifunguliwe kituoni, kabla ya kuonana na mtoto. Kifaacho: daftari na kalamu, mpira na pampu yake, sweta, kanga au kitenge kwa mama, picha ya familia ya mfadhili, kitu kidogo kwa kila ndugu wa mtoto aliye nyumbani. Hesabu ya ndugu itolewe na kituo wiki mbili kabla. Nyumba yenye watoto watano na zawadi ya mmoja italala na vilio. Visivyofaa: fedha taslimu, simu, kishikwambi, dawa, saa ya gharama. Simu hutengeneza njia ya mawasiliano nje ya kituo, na fedha taslimu hutangaza nyumba kwa wezi na kwa ndugu wenye madai.

Anayetaka kufanya kubwa zaidi atume zawadi ya familia kupitia shirika, na utekelezaji wake uanze baada ya ziara, si siku ya ziara. Kaeni na wazazi wote wawili waandike mahitaji kwa mpangilio wao. Chukueni bei kwenye maduka matatu. Nendeni na mzazi kununua, risiti ya EFD (mashine ya kodi) itoke, mzazi asaini kupokea. Vitu vifike jioni, kwa usafiri wa kawaida.

Zingatieni yanayokwamisha. Bati: nyumba ya vyumba viwili yenye urefu wa mita 6 hula bati 18 hadi 22 za mita 3, na geji 28 hudumu kuliko geji 30. Ila bati bila mbao, misumari na fedha ya fundi hubaki zimeegemezwa ukutani hadi siku ya shida, zikauzwa moja moja. Nunueni vyote au msianze. Godoro la futi 4 kwa 6 likilazwa kwenye sakafu ya udongo ya Tukuyu huoza msimu mmoja, kwa hiyo kitanda kiende pamoja nalo, na mablanketi mawili. Mbolea: ekari moja ya mahindi inahitaji mfuko 1 wa DAP kilo 50 wa kupandia, mfuko 1 wa UREA wa kukuzia, na mbegu kilo 10. Ifike kabla ya katikati ya Novemba. Ikifika Machi, badilini mpango. Kama mzazi amesajiliwa kwenye mbolea ya ruzuku, fedha hiyohiyo itanunua zaidi. Nguruwe wanapendwa sana huku, na wanalipa, lakini homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba na ikiingia mtaani inafagia banda zima. Anzeni na mmoja au wawili, banda likiwa tayari na chakula cha miezi miwili kikiwa kimenunuliwa. Kwa mama mjane asiye na mtu wa kukata majani, ng'ombe wa maziwa ni kazi ya mtu wa pili ambaye hayupo.

Ahadi ni zawadi pia, na ndizo hatari zaidi. Mgeni akiguswa atasema, "Nitamsomesha hadi chuo kikuu." Mkubaliane naye mapema kwamba ahadi yoyote haitatafsiriwa hapo, ataiandika kwa ofisi akirudi, na ikipitishwa familia itaambiwa na kituo. Mkalimani akitafsiri sentensi hiyo bila tahadhari, mtoto atakaa akiingoja miaka minane.

Ulinzi wa mtoto hauna mjadala

Mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni kila aliye chini ya miaka 18, akiwemo kijana mwenye ndevu wa kidato cha tatu. Mgeni asibaki naye peke yake wakati wowote: chumbani, chooni, kwenye gari, hotelini. Hakuna kulala nyumbani kwa mtoto, hakuna mtoto kulala kwa mgeni, hakuna kubadilishana namba. Mfanyakazi wa kituo awaone kwa macho muda wote. Mgeni akivunja kanuni, mwambieni mara moja. Akirudia, ziara imekwisha, hata kama ametoka mbali kiasi gani.

Mtoto akisema jambo baya limetendeka, na mgeni au na mtu wa nyumbani, msikilizeni bila kumhoji mara mbili. Pigeni 116, simu ya msaada kwa mtoto, au nendeni kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyohiyo. Jambo hilo lisikalishwe ofisini kwa mchungaji kwa maombi na usuluhishi. Sheria inawadai kutoa taarifa, na mtoto anawadai zaidi.

Baada ya gari kuondoka

Wiki nne zinazofuata ndizo zinazoonyesha kama ziara ilikuwa njema. Mfanyakazi arudi nyumbani ndani ya siku tatu, bila mgeni na bila kamera. Aulize: kuna aliyekuja kukopa? Kuna ndugu aliyedai mgawo? Duka linadai chochote kwa ajili ya mapokezi? Mlango unafungwa vizuri usiku? Kama mwenye nyumba ya kupanga amepandisha kodi kwa kuwa "mna wazungu sasa", kituo kiende kuzungumza naye pamoja na mwenyekiti wa mtaa, mapema, kabla mama hajahama kimyakimya.

Mtoto aangaliwe kituoni. Wengine hunyamaza, wengine hutambia wenzao, wengine huuliza kila Jumamosi mfadhili atarudi lini. Mjibuni ukweli: haijulikani, pengine hatarudi, barua zitaendelea. Watoto wenzake ambao wafadhili wao hawajawahi kuja, au hawajawahi hata kuandika, wanahitaji mwalimu wa kukaa nao wiki hiyo. Kwenye kituo cha watoto mia mbili hao ndio wengi, na ziara ya mmoja imewakumbusha wote walichokosa. Wapeni barua ya kanisa, mwalimu mmoja kwa watoto wachache, aandike kila mtoto kwa jina lake na jambo aliloliona kwake. Inachukua jioni mbili.

Barua ya shukrani ya mtoto itoke ndani ya wiki mbili, kwa maneno yake. Baada ya mwezi mmoja, mfanyakazi arudi tena nyumbani na kujaza fomu fupi: familia ilipenda nini, nini kiliwaudhi, gharama gani iliwaangukia, wangekubali tena au la. Majibu ya mama yaandikwe kama alivyoyasema. Nakala moja ikae kwenye faili la mtoto, nyingine iende ofisi ya kitaifa pamoja na risiti, na kamati ya kituo iisome kabla ya kupokea ombi la ziara nyingine.